Damu ya upande gani? Historia ya malaria, lupus na urithi wetu

SEHEMU YA 1: Swali la ukweni

Wiki hii nina mfululizo mrefu kidogo, kwa hiyo tafuta pa kukaa, mtoto akilala ndiyo usome.

Nataka tuongelee magonjwa ya viungo yanayotokana na kinga ya mwili, hasa lupus na baridi yabisi. Nitayaongelea kwa njia ya historia, kwa sababu swali ninalolisikia zaidi hapa Dakawa halihusu dawa. Ni hili: "Nesi, huu ugonjwa umetoka upande gani?"

Mama mkwe anauliza. Mume anauliza. Mawifi wanauliza. Na anayeulizwa ni mwanamke ambaye asubuhi hiyo vidole vimekakamaa, hawezi kukamua nepi wala kufunga kanga vizuri. Badala ya kupimwa, anafanyiwa upelelezi wa ukoo: bibi yake alikuwaje, shangazi yake alikufa na nini. Wengine wanarudishwa kwao na mabegi. Wengine wanapelekwa kwa mganga kutafutiwa aliyewatupia.

Swali lenyewe si baya. Wanasayansi nao wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 70, na sehemu kubwa ya majibu imetokana na damu ya watu wa kwetu: Tanganyika, Uganda, Kenya. Nikikusimulia jinsi walivyofika kwenye jibu, utaona kwamba swali la "upande gani" limeulizwa vibaya tangu mwanzo.

Kwanza tuelewane maneno. "Baridi yabisi" ni jina la zamani, na limetudanganya. Hapa kwetu, ukisimama kwenye majaruba ya mpunga toka asubuhi hadi saa nane, ukirudi magoti yanauma, utaambiwa ni baridi imeingia. Maji na baridi vinaweza kukuongezea maumivu, sawa. Lakini baridi yabisi yenyewe haisababishwi na baridi. Ni kinga ya mwili iliyokosea adui.

Fikiria sungusungu wa kijiji. Kazi yao ni kukamata wezi usiku. Sasa siku moja wanaanza kuvamia nyumba za wanakijiji wenzao, wanavunja milango, na kila wakivunja wanaamini wamekamata mwizi. Ndivyo inavyokuwa. Askari wa mwili wanashambulia viungo, yaani magoti, vifundo na vidole. Kwenye lupus wanaweza kwenda mbali zaidi: ngozi, figo, damu, mapafu, hata moyo. Na katika kila wagonjwa 10 wa lupus, 9 hivi ni wanawake, wengi wakiwa kwenye umri wa kuzaa. Ndiyo maana naiandikia familia changa.

Kesho tunaanza safari. Tunaanzia kwenye sikoseli.

---

SEHEMU YA 2: Hesabu za Tanganyika

Najua utaniuliza, "Nesi, sikoseli inahusianaje na lupus?" Nivumilie. Huwezi kuelewa ya pili bila ya kwanza.

Kulikuwa na daktari anaitwa Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na akakulia Kenya. Mwaka 1949 alikuwa kijana wa Oxford, akaja Kenya na msafara wa chuo, akawa anachukua damu ya watu wa makabila mbalimbali. Akaona kitu cha ajabu. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu wengi walikuwa wamebeba jeni ya sikoseli. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna.

Akajiuliza: jeni hii ikirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili inaua watoto. Mbona haijaisha? Mbona inajaa pale pale ambapo mbu wamejaa?

Mwaka 1953 akapima watoto karibu na Kampala. Miongoni mwa watoto wasio na jeni ya sikoseli, karibu 46 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa waliobeba jeni moja, ni 28 katika kila 100. Alifanya pia jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa: watu wazima 30 wa kabila la Wajaluo waliambukizwa malaria kwa makusudi, nusu wakiwa wamebeba jeni, nusu hawana. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walishikwa. Kati ya 15 waliokuwa nayo, ni 2 tu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1954.

Sasa nije kwenye hesabu zilizonifanya nikae chini. Ni za hapa hapa Tanganyika, alizitoa mwaka 1956. Alilinganisha watoto wachanga na watu wazima.

Kati ya watoto wachanga 287, watoto 189 hawakuwa na jeni ya sikoseli, 89 walibeba moja, na 9 walikuwa nazo mbili, yaani wagonjwa kamili.

Kati ya watu wazima 654, watu 400 hawakuwa nayo, 249 walibeba moja, na 5 tu walikuwa nazo mbili.

Weka kwa mia uone. Wagonjwa kamili: kwa watoto ni 3 katika 100, kwa watu wazima hawafiki hata 1. Wale wengine hawakufika utu uzima. Lakini angalia na upande wa pili. Wasio na jeni kabisa, wale ambao wewe na mimi tungesema "damu safi", walikuwa 66 katika 100 utotoni, wakabaki 61 ukubwani. Na wenye jeni moja wakapanda kutoka 31 hadi 38.

Mama, zisome tena taratibu. Kila tofauti kati ya namba hizo mbili ni makaburi madogo. Sikoseli ilichukua watoto upande mmoja, malaria ikachukua upande mwingine, na waliobaki wengi ni wale waliobeba jeni moja ya "ugonjwa".

Hapo ndipo somo lilipo. Jeni haina wema wala ubaya wake yenyewe. Ni kama mbegu. SARO 5 kwenye jaruba lenye maji na mbolea inakupa magunia mpaka unashangaa. Ipeleke hiyo hiyo kwenye shamba linalotegemea mvua, mwaka wa ukame, uone. Mbegu ni ile ile, shamba ndilo limebadilika.

Na mahali ni muhimu kweli. Wazee wa hapa wanawakumbuka wakimbizi wa Afrika Kusini, watu wa ANC, waliopewa ardhi Dakawa mwaka 1982, baada ya wenzao wa Mazimbu. Wengi walitoka miji isiyo na malaria kabisa. Walipofika kwenye bonde hili la Wami, homa iliwapiga mno. Hawakuwa dhaifu. Miili yao haikuwahi kukutana na adui huyu, na mababu zao wengi hawakuishi naye.

---

SEHEMU YA 3: Daktari aliyeona kilichokosekana

Turudi kwenye viungo sasa.

Miaka ya 1960, daktari Mwingereza, Brian Greenwood, alikuwa hospitali ya chuo kikuu Ibadan, Nigeria. Yeye hakushangazwa na alichokiona wodini. Alishangazwa na asichokiona. Alipopitia kumbukumbu za karibu wagonjwa laki moja waliolazwa kwa miaka 10 hivi, wenye magonjwa ya kinga kujishambulia walikuwa zaidi kidogo ya mia moja tu. Lupus na baridi yabisi zilikuwa adimu mno ukilinganisha na Ulaya.

Mwaka 1968 akatoa wazo: pengine malaria na minyoo, kwa kuishughulisha kinga toka utotoni, vinaizuia isijigeuke. Yaani sungusungu wana wezi wa kweli kila usiku, hawana muda wa kuvamia majirani.

Mwaka 1970 yeye na wenzake wakalijaribu wazo hilo kwa panya wa maabara wanaozaliwa na ugonjwa unaofanana na lupus. Wakawaambukiza malaria ya panya. Ugonjwa wa kinga ukapungua sana.

Lakini kuna jambo lazima tuliseme. Ugonjwa usiopimwa hauonekani. Lupus inahitaji vipimo vya damu ambavyo hospitali nyingi za Afrika hazikuwa navyo, na nyingi bado hazina. Mama anakuja na homa, viungo vinauma, amechoka. Anaandikiwa malaria. Anarudi wiki mbili baadaye, anaandikiwa taifodi. Anarudi tena, anaambiwa ni UTI. Miaka miwili inapita, figo zinaharibika. Kwenye takwimu huyo siyo mgonjwa wa lupus. Ni "homa".

Na jambo jingine: kizazi cha Afrika kilichohamia nje hakikuwa salama hata kidogo. Marekani, wanawake weusi wanapata lupus mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake wazungu, na mara nyingi inawaanza wakiwa wadogo na inawashika figo. London, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwaangalia wahamiaji waliotoka Afrika Magharibi wenyewe, siyo wajukuu wa watumwa wa Karibiani peke yao. Nao walikuwa na lupus mara kadhaa zaidi ya wazungu wanaoishi mitaa ile ile.

Kwa hiyo uwezekano wa kuugua tulikuwa nao ndani ya damu muda wote. Swali likabaki: tuliupata wapi, na kwa nini haukuisha?

Kama umesoma vizuri sehemu ya 2, umeshaanza kuhisi jibu.

---

SEHEMU YA 4: Breki ya Kilifi

Sasa tunakwenda Pwani ya Kenya, Kilifi. Tangu mwaka 1989 pale hospitali ya Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI kwa kushirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza. Kwa miaka mingi, akina mama waliowaleta watoto wao wakiwa na malaria kali, wengine wamepoteza fahamu, waliombwa ruhusa damu ya mtoto itumike pia kwa utafiti. Wengi wakakubali. Hawa ni mama kama wewe, mgongoni kanga, machoni usingizi wa siku tatu.

Damu hizo zikafika mbali. Watafiti wa Cambridge walikuwa wanachunguza jeni inayoitwa FCGR2B. Jeni hii inatengeneza breki. Kweli kabisa, kazi yake ni kuziambia seli za kinga, "Basi, inatosha, punguza." Kuna watu wana aina ya jeni hii ambayo breki yake haishiki vizuri. Tofauti ni herufi moja tu ya DNA. Breki hiyo dhaifu ni nadra kwa watu wa Ulaya, lakini inaonekana zaidi Afrika na Asia Mashariki, sehemu ambazo malaria imekaa kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 2010 wakachapisha matokeo, na kichwa chake kwa maneno yangu ni hiki: breki mbovu inalinda mtoto, inamtesa mtu mzima. Watoto wa Afrika Mashariki waliorithi aina hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, uwezekano wao wa kupata malaria kali ulikuwa karibu nusu ya wenzao. Kwa upande mwingine, kwa Wachina wa Hong Kong na kwa wazungu, waliokuwa na nakala mbili za aina hiyo hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata lupus.

Unaona mpango wake? Kinga isiyo na breki inamkimbilia mdudu wa malaria kwa nguvu zote. Mtoto anapona. Anakua, anaolewa, anazaa. Kisha siku moja akiwa na miaka 25 au 30, kinga ile ile iliyomwokoa haijui kusimama.

Kwa hiyo tukisema "ugonjwa wa kurithi", tukumbuke tulichorithi. Hatukurithi laana. Tulirithi silaha ya mababu na mabibi walionusurika. Wasio na silaha hiyo wengi walizikwa wakiwa watoto, na hawakuacha wajukuu wa kuulizana maswali leo.

Nisikudanganye lakini: jeni hii moja haielezi lupus yote. Jeni zinazohusishwa na lupus zimefika makumi kwa makumi, kila moja inachangia kidogo. Kubwa kuliko zote ni zile za kundi la HLA, ambazo ni kama vitambulisho vya seli, zinazowaonyesha askari nani ni mwenyeji na nani mgeni. Mfaransa Jean Dausset alianza kuzifumbua mwaka 1958, akapewa Nobel mwaka 1980. Nazo zina historia na malaria: mwaka 1991 ilionekana Gambia kwamba aina mojawapo, HLA-B53, inawakinga watoto na malaria kali.

Na kuna kitu kinachoniuma. Sehemu kubwa ya tafiti hizi za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuna jeni iitwayo PTPN22, mwaka 2004 iligundulika kwamba aina yake moja inaongeza hatari ya baridi yabisi. Habari kubwa duniani. Lakini kwa Waafrika aina hiyo karibu haipo kabisa. Kipimo kikitengenezwa kwa kuitegemea hiyo, kwako wewe wa Mvomero kitakuambia "uko salama" wakati hakijaangalia popote panapokuhusu. Ndiyo maana damu za Kilifi zilikuwa na thamani.

---

SEHEMU YA 5: Basi, upande gani?

Nimeona maswali yenu. "Nesi tunakubali, lakini kama ni jeni, si lazima itoke upande mmoja?" Haya, tujibu.

Milima ile unayoiona ukiangalia kusini, Uluguru, wenyeji wake wana utaratibu wao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Majirani zetu Wakaguru, Wanguu na Wazigua hali kadhalika. Lakini hapa Dakawa tumechanganyika, kuna Wasukuma, Wamasai, Wagogo na wengine, ambao kwao ukoo ni wa baba. Kwa hiyo ugonjwa huo huo, nyumba moja itasema "hii ni ya kwa mama maana ukoo ni wa mama", na nyumba ya pili itasema "hii mwanamke kaja nayo". Kote kote analaumiwa mwanamke! Hilo nalo liangalieni.

Jeni hazijui ukoo. Hazijui mahari. Mtoto anachukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, na nusu yenyewe inachanganywa upya kila mimba, kama karata. Breki dhaifu ya Kilifi inafanya kazi hasa pale mtoto anapoipata kwa wote wawili, kila mzazi akiwa mzima wa afya. Kwa zile jeni nyingine nyingi ndogondogo, zinajikusanya kutoka pande zote. Mama anaweza kubeba kumi asiugue, baba anabeba nane asiugue, binti akapokea mkusanyiko mbaya. Hakuna mwenye kosa hapo.

"Kwa nini wanawake sasa?" Sehemu ya jibu iko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, mwanaume moja. Mwili wa mwanamke unaizima moja ili mambo yalingane, lakini kuna jeni zinazokwepa kuzimwa. Mojawapo inaitwa TLR7, na yenyewe inaamsha kinga. Mwaka 2022 watafiti walieleza kuhusu msichana wa Hispania ambaye hitilafu kwenye TLR7 peke yake ilitosha kumletea lupus akiwa mtoto. Na wanaume wachache wanaozaliwa na X mbili na Y, hatari yao ya lupus inakaribia ile ya wanawake. Kwa hiyo siyo "wivu", siyo "mawazo ya kike", siyo uzazi wa mpango uliotumia bila kumwambia mumeo.

Sasa lililo muhimu kuliko yote. Mapacha wanaofanana, wale wa yai moja, wana jeni zile zile. Kama lupus ingekuwa jeni tu, mmoja akiugua na mwenzake angeugua kila mara. Lakini ilipohesabiwa, ni kama robo tu ya wenzao ndio waliougua. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa chini sana, kama 2 katika 100. Maana yake nini? Jeni zina uzito mkubwa, ndiyo. Lakini pacha wengi wenye jeni hizo hizo hawaugui. Kuna mambo mengine: jua kali, maambukizi, sigara, homoni, na bahati.

Kwa hiyo mama mwenye lupus, usikae unalia kwamba umewaua wanao. Watoto wengi wa mama mwenye lupus hawapati lupus. Na wewe mama mkwe, ukiuliza tena "upande gani", jibu ni "pande zote, na zaidi ya pande". Basi, funga jalada, muende hospitali.

---

SEHEMU YA 6: Chandarua, klorokwini na cha kufanya

Kuna ndugu aliniuliza kwa utani: "Kumbe malaria inazuia lupus! Basi tuache vyandarua." Utani huo una watu wanaoweza kuuamini, kwa hiyo nimjibu kwa historia.

Yule Greenwood wa Ibadan, mwenye wazo lenyewe, alifanya nini baadaye? Alikwenda Gambia na akatumia miaka mingi kuongoza tafiti za kupambana na malaria, ikiwemo vyandarua vyenye dawa. Yeye alijua hesabu kuliko sisi. Malaria inaua watoto kwa maelfu. Huwezi kumnywesha mtoto sumu ya panya ili asipate minyoo.

Na hapa mkoani kwetu tuna ushahidi. Mradi wa vyandarua wa KINET ulianza miaka ya 1990 Kilombero na Ulanga, wengine mtakumbuka vyandarua vya "Zuia Mbu". Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Kitaifa, mwaka 2007/08 watoto wa chini ya miaka mitano wenye malaria walikuwa kama 18 katika 100. Mwaka 2022 walikuwa 8. Hao ni watoto waliobaki mikononi mwa mama zao.

Lakini historia inatuachia deni. Malaria ikipungua, ile kinga kali haipotei kwenye damu kesho yake. Silaha inabaki, vita inapungua. Ndiyo maana zahanati na vituo vyetu lazima vijifunze kuziona lupus na baridi yabisi. Homa ikija na mRDT ikawa hasi, hatuwezi kuendelea kuandika "malaria" kwa mazoea.

Na kuna kitu kitamu kwenye historia hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi walipewa dawa za malaria, na baadaye madaktari wakaona dawa hizo zinasaidia ngozi na viungo. Mwaka 1951 daktari Francis Page wa Uingereza aliandika kuhusu wagonjwa wa lupus waliopata nafuu kwa mepakrini, dawa ya malaria. Toka hapo ikaja haidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini. Mnaikumbuka klorokwini, ile chungu iliyokuwa inawasha mwili mzima? Tanzania tuliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Lakini ndugu yake mpaka leo ndiye nguzo ya matibabu ya lupus duniani. Malaria iliyotuachia breki dhaifu ndiyo iliyotuletea pia dawa.

Sasa ya kufanya. Nenda kituo cha afya, usisubiri, kama una hivi kwa zaidi ya wiki sita:

– Vidole, vifundo au magoti yanavimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa hadi saa nzima.
– Upele mwekundu au mweusi mashavuni unaopita juu ya pua kama kipepeo, unaozidi ukikaa juani.
– Nywele zinakatika sana, vidonda mdomoni visivyouma vinavyorudi rudi.
– Homa na uchovu, vipimo vya malaria vinarudi hasi.
– Mkojo wenye povu, miguu au uso kuvimba. Hii usisubiri hata wiki, nenda leo.
– Mimba zimeharibika mara kwa mara bila sababu kujulikana.

Ukifika, sema kwa mdomo wako: "Naomba nipimwe mkojo kama una protini, na presha." Hivi viwili vinapatikana sehemu nyingi na ndivyo vinavyookoa figo. Mwambie daktari kama kuna ndugu mwenye lupus, baridi yabisi au ugonjwa mwingine wa kinga, wa upande wowote. Hapo ndipo historia ya ukoo ina faida: kwenye faili, siyo kwenye kikao cha kulaumiana. Ukihitaji vipimo zaidi utapewa rufaa.

Mtoto mdogo anayevimba mikono na miguu na kulia ukimgusa, mpime sikoseli kwanza. Inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na wengi maumivu yao yanaitwa "baridi".

Mama mjamzito mwenye lupus: usiache dawa kienyeji kwa kuogopa mtoto. Haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelezwa wakati wa ujauzito, na kuiacha kunaweza kuamsha ugonjwa. Ongea na daktari. Na kabla ya kumeza SP kliniki, tuambie una lupus, kwa sababu dawa zenye salfa zinaweza kuwaamshia baadhi ya watu ugonjwa.

La mwisho, prednisolone. Naona mnanunuliana dukani kama pipi kwa sababu "inaondoa maumivu siku hiyo hiyo". Inaondoa, kisha inapandisha presha na sukari, inadhoofisha mifupa, na ukiikatisha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu unaweza kuzimia au kufa. Iandikwe na daktari, ipunguzwe na daktari.

Na wewe mume uliyesoma mpaka hapa: mkeo akiamka vidole vimekaza, mfungie kanga, mkamulie hizo nepi, halafu muende wote hospitali. Watoto wenu wana damu yenu wote wawili.

Maswali weka hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Mwenye jambo la siri aje inbox. Kesho kutwa naanza mfululizo wa presha ya ujauzito.

Laleni salama, na mfunge chandarua.